Mchango Usio na Sauti

Tarehe 26 Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ya Marekani ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena Finale, programu ya kuandikia noti iliyodumu miaka 35. Huku Kighare, juu Usangi, Upare, habari hiyo haikumnyima mtu usingizi. Lakini mwalimu wa kwaya anayechapa noti zake kwa kompyuta alikuwa na sababu ya kukaa na kuitafakari. Duniani kote watu walikuwa wamelipia toleo baada ya toleo, kila likitoka wanaongeza fedha, halafu wakaambiwa wahamie programu nyingine, Dorico, kwa bei ya upendeleo ya dola 149. Kwa shilingi za wakati ule hizo ni kama laki nne.

Laki nne kwa kwaya ya usharika ni fedha ya kuitishia kikao. Na kikaoni atasimama mtu, pengine mmoja wa besi, aulize tunapata nini.

Swali lake ni la haki. Matangazo ya matoleo mapya hupenda kusifia fidla zinazolia kama fidla za kweli, na skrini iliyopangwa upya. Kwaya haiimbi kutoka kwenye skrini. Inaimba kutoka kwenye karatasi iliyotolewa kopi kwenye duka la steshenari, ikakunjwa mara nne na kutiwa katikati ya kitabu cha nyimbo, na wengi wanaoishika wanasoma solfa: d, r, m, f, pamoja na nukta pacha na vistari vyake. John Curwen aliueneza mfumo huo Uingereza katika karne ya 19, wamisionari wakausambaza Afrika, na mwaka 1897 Enoch Sontonga alitumia herufi hizohizo kuandika, kule Johannesburg, tuni ambayo leo tunaiimbia Mungu Ibariki Afrika. Hakuhitaji zaidi ya kalamu na daftari.

Programu hizi kubwa hazikubuniwa kwa ajili ya solfa. Mwalimu anayeitaka huanza kupanga noti kwenye mistari mitano, kisha anarudi kuingiza herufi mahali pa maneno ya wimbo, moja baada ya nyingine, sauti zote nne. Akiruka pigo moja la sauti ya tena, herufi zote zinazofuata zinasogea, na atagundua siku ya mazoezi wanaume watakapoanza kutazamana. Katika matangazo yote niliyowahi kusoma sijaona toleo lililojisifu kwamba limeiondoa adha hiyo. Sisi si soko lao, na sioni sababu ya kununa kwa hilo. Ila ni vizuri kulijua kabla ya kufungua mkoba.

Mara nyingi kinachomlazimisha mtu kulipa ni mashine. Mwaka 2019 Apple ilitoa mfumo wa kompyuta uliokataa programu za zamani za biti 32, na Finale za kabla ya 2016 zikagoma kufunguka humo. Nyimbo zilikuwa zilezile na mtunzi yuleyule, ila mlango ulikuwa umebadilishwa kitasa. Hapo kulipa ni busara, maana usipolipa unapoteza kazi yako mwenyewe.

Wengi hawalipi kabisa. Wanaweka programu iliyovunjwa kufuli lake, waliyopewa kwenye flashi na rafiki. “Mwalimu, kwani tunamwibia nani? Wenyewe hata hawatujui.” Nimeisikia hoja hiyo hata ndani ya uzio wa kanisa, na inanikera zaidi ya bei yenyewe. Kutojulikana na mwenye mali hakujawahi kuifanya mali iwe yako. Kama bei haiwezekani, basi haiwezekani, na tuseme hivyo.

Mpare anajua kuchangia kitu mara kwa mara bila kunung’unika. Tazama ndiva, bwawa letu la kumwagilia: maji yanakusanyika usiku, asubuhi yanafunguliwa yashuke kwenye mifereji hadi shambani. Tope linajaa, kingo zinabomoka, kwa hiyo watu huitwa msaragambo, kazi ya pamoja, kuchimba na kuziba, na anayekwepa anaweza kutozwa faini. Huo nao ni mchango usiokwisha. Lakini aliyechangia jembe lake ana neno katika zamu ya maji, na hakuna mtu wa mbali anayeweza kuamka siku moja akatangaza kwamba ndiva imefungwa. Wanunuzi wa Finale walikuwa na kelele tu. Mwanzoni waliambiwa kwamba baada ya mwaka mmoja hawataweza kuisajili programu waliyonunua kwenye kompyuta nyingine. Walipolalamika kampuni ikalegeza. Ililegeza kwa hiari yake.

Ndiyo maana MuseScore, programu nyingine ya kuandikia noti, inanivutia, na si kwa sababu ya kuwa bure peke yake. Mjerumani Werner Schweer aliianza mwaka 2002, msimbo wake uko wazi, na watu wa nchi nyingi wamechangia kuirekebisha na kuitafsiri. Siku hizi kuna kampuni nyuma yake, kwa hiyo nayo si malaika, lakini kampuni ikiiacha wengine wana haki ya kuiendeleza kutoka pale ilipofikia. Kwa watayarishaji wa studio, walio na ladha nyingine kabisa ya muziki, wenye programu ya FL Studio, walioko Ubelgiji, wana utaratibu wa heshima: unanunua mara moja, matoleo yanayofuata unapewa bila kudaiwa. Anayeishi kwa studio, akatoza wateja kwa saa, na alipie anachohitaji. Ni chombo chake cha kazi, na kinamrudishia.

Kwa kwaya ya hapa ningeomba fedha ndogo zaidi: ya karatasi, ya wino, na ya flashi mbili za kutunzia nakala. Kisha apatikane kijana wa kufungua faili za zamani moja moja na kuzihifadhi upya kwa MusicXML, aina ya faili ambayo Finale, Sibelius, Dorico na MuseScore zote zinaisoma. Ni kazi ya jioni nyingi, na aifanye kabla kompyuta ya ofisi ya usharika haijagoma kuwaka.