Ua la Porini ni la Nani?

Mtu aonapo ua zuri msituni, mkono wake hutangulia mawazo yake. Huling'oa pamoja na mizizi, akaenda kulipanda mbele ya mlango wake. Je, amekosa? Wengi watajibu kwamba ua la porini halina mwenyewe, na tena mtu huyo amelipenda.

Sisi twasifu kwanza nia yake. Bustani zetu zimejaa miti na maua ya kigeni, kama jakaranda ya Amerika ya Kusini, na yale ya kwetu, yachipuayo mwaka baada ya mwaka pasipo kupandwa upya, twayafyeka kama magugu. Lile ua dogo la zambarau la milima ya Usambara, ambalo mtawala wa Kidachi, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake Ujerumani mwaka 1892, leo lapamba madirisha ya Ulaya na Marekani. Kwetu ni wangapi walijuao? Na huku kwao, kwa kukatwa misitu, linazidi kuadimika.

Lakini hoja ya kwamba halina mwenyewe hatuikubali. Kisicho na mwenyewe hakina wa kukitetea, kwa hiyo chatudai haki zaidi, wala si kidogo. Yatupasa kuuliza: pale nilipochukua pamebaki nini? Ua la Usambara halidai kung'olewa. Jani moja na kikonyo chake, likichomekwa katika udongo wenye unyevu kivulini, baada ya majuma kadhaa huzaa miche shinani, na mama yake angali mwambani. Afadhali hata jani hilo liombwe kwa jirani aliye nalo chunguni.

Okidi za Kitulo ni habari nyingine. Mizizi yake hutegemea kuvu walio katika udongo wake. Ukiihamisha, mara nyingi hufa. Nazo zimekwisha kuchimbwa sana, viazi vyake vikauzwa Zambia kuwa chakula, hata baada ya Kitulo kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Twakiri kwamba twamwelewa zaidi achimbaye ili watoto wake wale kuliko achimbaye ili wageni wasifu baraza yake. Huyu wa pili na apande mauayungi yaliyokuzwa kitaluni. Akizitamani okidi, apande Kitulo kati ya Desemba na Aprili, wakati wa mvua, azitazame pale zilipo, na watoto wake awachukue.