Usiketi Mgunda Mkali!

Amka, ndugu yangu! Nasema na wewe unayefungua Biblia alfajiri na kuifunga bila kuonja kitu. Nasema na wewe unayeimba kwenye kwaya huku moyo umelala. Nasema na wewe uliyepiga magoti jana usiku, ukatamka maneno manne, ukanyamaza, ukajiuliza kama kuna anayesikiliza.

"Simwoni Mungu tena," unasema kimoyomoyo. Unalificha, maana wewe ni mzee wa kanisa, ni mama wa jumuiya, ni mwalimu wa shule ya Jumapili. Basi umeanza kupunguza. Ilianza sala ya asubuhi, ikafuata ibada ya katikati ya wiki, sasa hata Jumapili ni mpaka ujisikie. "Moyo ukiwaka tena," unasema, "nitarudi."

Moyo hauwaki kwa kukaa! Hakuna mpagazi aliyepata maji kwa kuketi chini ya mti!

Unaishi juu ya njia ya kale, na njia hiyo inakuhubiria kila siku. Kutoka Ujiji hadi Unyanyembe, hapa petu Tabora, kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, ilipita misafara ya pembe za ndovu, ya shanga na vitambaa, ya watu waliofungwa minyororo. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea zaidi ya kilomita 800 mpaka pwani, mzigo begani, jua utosini. Na mashariki ya Tura, kabla ya kuingia Ugogo, iliwangoja nyika waliyoiita Mgunda Mkali. Shamba la moto! Vichaka vya miiba, vijiji vya kuhesabu, maji ya kubahatisha.

Waliivukaje? Kwa tirikeza. Neno hilo lilikuwa la misafara. Asubuhi walipika na kula kando ya maji, wakanywa, wakajaza vibuyu. Jua lilipopita utosi, saa ambayo kila mtu hutafuta kivuli, kirangozi, kiongozi wa msafara, aliwaita nao wakajitwika. Walitembea hadi giza. Walilala pakavu. Kabla ya kupambazuka waliinuka tena, midomo imepasuka, wakashika njia mpaka kwenye maji ya mbele.

Usiku ule mkavu haukuwa kupotea! Ndiyo safari yenyewe! Aliyelala na kiu Mgunda Mkali alikuwa karibu na pwani kuliko aliyebaki kisimani akinywa.

Nani basi alikudanganya kwamba ukavu ni kuachwa? Yakobo alilala porini, jiwe chini ya kichwa, akaamka akitetemeka: Bwana alikuwapo mahali pale, naye hakujua. Wanafunzi wawili walikwenda Emau nyuso zimekunjamana, wakimsimulia mgeni msiba wa Yesu. Na mgeni ndiye Yesu. Maria Magdalena alisimama kaburini akilia, akageuka, akamwona, akamdhani mtunza bustani. Hawakumtambua. Alikuwapo!

Lakini ngoja! Usijifariji upesi! Uko ukavu wa anayetembea, na uko ukavu wa aliyeketi. Ulimi hautofautishi, maana kote ni kiu. Tofauti iko miguuni.

Aliyebaki nyuma ya msafara aliketi kidogo tu. Alisema atawafikia. Sauti zikafifia, vumbi likatua, kukawa kimya. Na waliosafiri njia ile walijua nani huvizia ndani ya kimya kile: fisi, simba, rugaruga, wapiganaji wenye bunduki. Si kiu iliyommaliza. Ni kivuli alichokipenda!

Kivuli chako ni kipi? Kitaje! Ni simu unayoichezea kitandani mpaka saa saba usiku, kisha unashindwa kuamka kusali? Ni ndugu wa tumbo moja ambaye humsalimii tangu msiba wa baba? Ni mke wa mtu? Ni asali unayouza stendi, umeitia maji ya sukari, na mdomoni unaapa kwamba imetoka moja kwa moja mzingani? Unamlisha jirani uongo kwa kijiko, kisha unauliza kwa nini humwonji Mungu!

Unajua. Sikwambii jipya. Kirangozi alipofika njia panda aliifunga njia isiyo ya msafara: alichora mstari mchangani, au alilaza matawi. Wa nyuma akiliona tawi, anajua hapa si petu. Wewe uliliona tawi. Ukaliruka. Unaikumbuka hata siku yenyewe! Mungu hakukuhama. Ni wewe uliyeuacha msafara.

Rudi kwenye tawi! Rudi kwa miguu ileile! Rudi leo!

"Nikirudi nitakula nini?" unauliza. "Neno lenyewe limekuwa kavu." Nisikilize. Wapo wasemao kwamba hata jina la Tabora lilitokana na matobolwa. Unayajua. Wakati wa kiangazi mama anachemsha viazi vitamu, anavimenya, anavikata vipande, anavianika juani mpaka vinakuwa vigumu kama vijiti vya kuni. Anaviweka. Mwezi wa kwanza, mvua inanyesha na ghala limepungua, mtoto analia. Mama anaingiza mkono kapuni, anampa kipande kimoja. Mtoto anakitia mdomoni. Hakina ladha! Kama udongo! Lakini hakitemi. Anakigeuza ulimini, anakilowesha kwa mate yake mwenyewe, anakitafuna taratibu. Na polepole, kutoka ndani ya ule ugumu, utamu unakuja.

Wewe unalilia kiazi cha moto, kilichotoka chunguni sasa hivi. Ulikipata ulipookoka! Ulilia kwa furaha, ulikesha bila kusinzia, kila mstari ulikuwa kama umeandikiwa wewe peke yako. Ile ilikuwa miezi ya mavuno. Hii ni miezi ya njaa, na Mungu amekupa tobolwa. Ni kiazi kilekile! Usikiteme!

Chukua mstari mmoja asubuhi. Usijipime unaonja nini. Utafune ukifagia uwanja, utafune ukiendesha baiskeli kwenda sokoni, utafune ukingoja mteja asiyekuja. Anayetema kila kisichokuwa na ladha papo hapo atakufa na njaa juu ya kapu lililojaa.

Au unangoja mambo yatengemae kwanza? Deni liishe, mtoto apone, mvua ikae sawa? Nenda Kwihara, mwendo mfupi tu kutoka mjini, ukasimame ndani ya lile tembe lililojengwa upya likawa makumbusho. Machi 14, 1872 msafiri Stanley aliondoka hapo kurudi pwani, akamwacha mmisionari David Livingstone akingoja wapagazi na mizigo. Mkewe alikuwa amefariki karibu miaka 10 nyuma. Mwili wake ulikuwa umedhoofu kwa maradhi. Sasa na rafiki ameondoka.

Siku tano baadaye, Machi 19, alitimiza miaka 59. Siku hiyo aliandika katika shajara yake kwamba anajitoa upya kwa Yesu, yeye mzima. Hakungoja wapagazi wafike! Hakungoja mwili upate nguvu! Hakungoja njia ifunguke! Hakuondoka Kwihara mpaka Agosti 25, lakini moyo wake ulikuwa umekwisha kujitwika mzigo tangu Machi. Alijitoa papo hapo alipokwama.

Na wewe je? Umekwama wapi? Basi hapo ndipo pako pa kujitoa!

Ukitoka Kwihara, wakumbuke na wengine waliopita Unyanyembe. Livingstone alifia kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, Mei 1873. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili wake, wakaufunga, wakajitwika. Oktoba wakafika huku kwetu. Mwingereza Cameron, waliyemkuta hapa, akawashauri wamzike papa hapa, yatosha. Wakakataa! Wakashika njia, wakaivuka nyika, na Februari 1874 wakaingia Bagamoyo.

Lipime jambo hilo. Waliyembeba hakuweza tena kuwaita majina, hakuweza kuwashukuru, hakuweza kuwalipa hata pande moja la kitambaa. Nao hawakuketi! Bwana wako yu hai. Anakuita kwa jina lako. Mzigo wako ameubeba yeye mwenyewe msalabani. Na wewe umeketi!

Usiniambie kawia ufike. Methali hiyo ni ya anayetembea polepole, si ya aliyelala. Yako wewe ni ile nyingine: ngoja ngoja huumiza matumbo. Umewazika wangapi mwaka huu waliokuwa wakisema Jumapili ijayo? Ulibeba jeneza, ulitupa udongo, ulirudi nyumbani ukanawa mikono, na wewe ukasema Jumapili ijayo!

Jua limepita utosi, ndugu yangu. Msafara haujafika mbali; bado unasikia. Ungekuwa husikii, usingesumbuka. Huko kusumbuka kwako, huko kuchoka na ukavu wako, huko kushindwa kulala kwako usiku, ni nini kama si sauti ya Kirangozi ikikuita?

Inuka basi, ukiwa bado umeishika karatasi hii mkononi! Mpigie simu ndugu yako. Mwaga ile asali. Piga magoti, useme: Bwana, sikuoni, lakini nimerudi njiani. Hutasikia ngurumo. Huenda hutahisi chochote. Lala na kiu yako bila woga, na kabla ya kupambazuka jitwike, utembee.

Maji yako mbele. Hapo ulipoketi hayapo.