Jina la Mtoto wa Makabila Mawili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu wa darasa wametuletea suala litokalo hapa hapa Bahati, nasi tumeona si vyema kulijibu kwa mdomo likapotea, kwani wenye suala kama hili ni wengi katika Nakuru na pande zote za Bonde la Ufa. Wenyewe tumewaficha, na majina tutakayoyataja ni ya mfano.

Mume ni Mkipsigis aliyesilimu. Mke ni Mkikuyu, naye amesilimu. Wamezaa binti wa pili. Kwa dasturi ya Wakikuyu, binti wa kwanza huitwa kwa jina la mama wa baba, na wa pili kwa jina la mama wa mama. Basi mtoto huyu ni haki ya nyanya wa Kikuyu, na tuseme jina lake ni Nyambura. Kwa dasturi ya Wakalenjin, mtoto huitwa kwa wakati aliozaliwa au kwa hali ya siku ile. Na kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha, nyanya wa upande wa baba alikwisha kumwita Cherop. Wakatoka watu wa msikitini wakasema kwamba majina yote mawili ni ya kijahili, na mtoto wa Kiislamu hana budi kupewa jina la Kiarabu. Mjomba wa mtoto naye, ambaye si Muislamu, akasema mpeni la Kiarabu, lakini kwa sababu nyengine kabisa, nayo tutaitaja mbele. Siku ya saba ikapita na mtoto hana jina.

Lakini neno lililotuchoma ni la yule nyanya wa Kikipsigis. Alisema mbele ya watu: "Mwanangu mlimchukua mkampa jina jengine, nikanyamaza. Mjukuu wa kwanza mkampa jina nisiloweza kulitamka, nikanyamaza. Na huyu je?" Sasa, aliyemwambia mwanawe aliache jina lake siku aliposilimu ni sisi. Na aliyemchagulia jina mjukuu wa kwanza ni sisi. Kwa hiyo jibu hili twajijibu na nafsi zetu.

Twasema: sharia haikututaka jina liwe la Kiarabu, imetutaka liwe na maana njema. Hapana shaka Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kwamba majina yapendezayo mno kwa Mwenyezi Mungu ni Abdullahi na Abdurrahmani. Lakini kupendeza si kulazimika. Watazameni Masahaba. Umar, Uthman na Khalid walipewa majina yao na wazazi waliokuwa wakiabudu masanamu, wakasilimu nayo, wakafa nayo, wala hawakuambiwa wayabadilishe. Aliyebadilishiwa ni yule ambaye jina lake lilikuwa na maana mbaya: binti aliyeitwa Asiya kwa maana ya muasi, Mtume akamwita Jamila. Na Hazn, ambalo maana yake ni ugumu, alitakiwa awe Sahl, akakataa kuliacha jina alilopewa na babake. Akaachwa na jina lake, ijapokuwa mjukuu wake Said bin Musayyab alikuwa akisema kwamba ugumu ule uliwabakia nyumbani mwao. Salman akaitwa Mfursi mpaka akafa, na hapana aliyemtaka auache Ufursi wake.

Tena haya tuyaitayo majina ya Kiislamu, Ibrahim, Is-haka, Musa, wanazuoni wa lugha wamekwisha kusema zamani kwamba asili yake si ya Kiarabu. Lau jina la kigeni lingekuwa haramu, hayo ndiyo yangekuwa ya kwanza kuachwa.

Na hili ndilo tuwatakalo ndugu zetu walizingatie. Mtume wetu alizaa mwana wa makabila mawili. Mama wa mwana huyo ni Bibi Mariya, Mkibti wa Misri. Usiku ule ule aliozaliwa, Mtume akawapa khabari Masahaba kwamba amezaliwa mtoto na amemwita kwa jina la mzee wake, Ibrahim. Basi kumwita mtoto kwa jina la mzee aliyetangulia, ambako baadhi yetu twakuona ni ukikuyu, kuna asili katika nyumba ya Mtume.

Ama majina ya Kikalenjin, twastaajabu kwa watu wa pwani kuyacheka. Kibet ni aliyezaliwa mchana. Chepkoech ni aliyezaliwa alfajiri. Kiprono ni aliyezaliwa jioni mbuzi wakirudi zizini. Na sisi je? Juma ni nani, na Khamisi, na Mwajuma, na Ramadhani? Si watu walioitwa kwa siku na mwezi waliozaliwa? Tofauti ni kwamba wao walitazama mbingu na zizi, na sisi tukatazama kalenda. Na tukitaka kusema kweli, aliye na jina la kubadilishwa yumo kwetu pia: Shida, Tabu, Mashaka, Sikitu. Majina hayo ndiyo yaliyo karibu na Asiya na Hazn kuliko Cherop, lakini hatujasikia mtu akisimama msikitini kuyakataza.

Hata hivyo hatusemi kwamba kila lililo katika dasturi ni halali. Katika dasturi ya kale ya Wakipsigis, wazee wa kike hutaja majina ya wafu wa ukoo, mmoja baada ya mmoja, mpaka mtoto apige chafya. Na akipiga, husemwa kwamba aliyetajwa ndiye aliyerudi ndani yake. Hili hatulikubali. Maiti yuko nyuma ya kizuizi mpaka siku ya kufufuliwa, kama tulivyofundishwa katika Surat Al-Mu'minun, na roho ya mtoto ni yake mwenyewe. Haikuazimwa na mtu. Basi jina lichukuliwe, chafya iachwe. Na nyanya akisema, "Huyu ni mimi," kwa mapenzi, kama nyanya wote wasemavyo, asifanyiwe ukali. Watu hujua maneno ya mapenzi na maneno ya itikadi.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Katika Nigeria wako Wayoruba, na Waislamu miongoni mwao ni wengi sana. Mtoto wao hupewa jina kama Ibrahim au Aisha, na pamoja nalo jina la Kiyoruba, wala haoni mtu kwamba la pili linalivunja la kwanza. Abiodun ni aliyezaliwa wakati wa sikukuu. Ayodele ni furaha imefika nyumbani. Hayo, Muislamu wa Bahati aliyeoana na Myoruba akituuliza, twamwambia ampe mtoto bila ya wasiwasi. Lakini wanalo pia Babatunde, maana yake baba amerudi, na Yetunde, mama amerudi, ambayo hupewa mtoto aliyezaliwa baada ya babu au nyanya kufa. Hapo tungemwambia achague jengine, kwa sababu itikadi ile ya kurudi imo katika herufi za jina lenyewe. Majina yako mengi. Lenye shaka laachika.

Sasa tumrudie mjomba. Yeye alisema: mpeni mtoto jina la Kiarabu tupu, mtu akilisikia asijue kabila lake. Mwanzoni mwa mwaka 2008, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi, watu katika Nakuru na Naivasha waliuawa na kuhamishwa kwa kabila, na mtu alitambuliwa kwa jina lake na kwa ulimi wake. Kiwanja cha maonyesho cha Nakuru kilijaa mahema ya waliokimbia makwao. Mjomba huyu ameyaona hayo, na mtoto huyu ana damu ya pande zote mbili. Hatuwezi kumwambia kwamba khofu yake ni upuuzi. Mzazi akimpa mwanawe jina la kumsitiri na dhulma hana dhambi. Tulilomkatalia ni moja: asiwaambie wazazi kwamba ndiyo amri ya dini. Khofu ni khofu, isivishwe kanzu. Katika Surat Al-Hujurat tumefahamishwa kwamba tulifanywa mataifa na makabila ili tujuane. Na mtoto mwenye Cherop na Nyambura katika cheti kimoja anajulikana kote kuwili.

Sisi tulipotakwa rai tulisema aitwe Rahma, kwa kuwa mvua katika Qurani imetajwa kuwa ni rehema. Mama wa mtoto akajibu kwa adabu kwamba katika madrasa yetu wamo akina Rahma watatu. Kisha akatuonyesha jambo ambalo wanazuoni wote waliokuwa barazani hawakuliona: ndani ya Nyambura mna mbura, nayo kwa Kikuyu ni mvua. Majina mawili yaliyogombaniwa wiki mbili ni mvua moja.

Siku ya kumi na nne akachinjiwa mbuzi wa akika, akanyolewa, nywele zikapimwa kwa fedha ikatolewa sadaka, akaitwa Cherop Nyambura na jina la babake baada yake, kwani kuitwa kwa baba ni amri ya Surat Al-Ahzab wala haina khitilafu. Watu wawili wa msikitini hawakula nyama ile. Tumewaandikia haya na wao wayasome.

Limebaki suala la baba, ambaye ameuliza kama aweza kulirudia jina lake la kwanza. Jina lile halina ubaya wowote. Ni la mtu aliyezaliwa jioni. Akitaka na alirudie, akitaka na ayachukue yote mawili. Tulipomwambia aliache hatukuwa na dalili, tulikuwa na mazoea.

Juma lililopita tulikwenda kwa mamake kumwomba radhi. Alitukaribisha, akatupa maziwa, akatuuliza khabari za njia na za mahindi. Neno lile hakulitaja, nasi tulipolitaja alitazama mlangoni. Tulipokwisha kuaga ndipo akatuuliza Cherop ataletwa lini.