Je, Ni Haki Kuiacha Kazi Tuliyosomeshwa?

Barua nyingi zitufikiazo mezani huuliza mambo yenye majibu mafupi. Hii tuliyoipokea juzi haina jibu fupi. Na kwa kuwa twajua ya kuwa nyumba nyingi zina mtu aliye katika hali hiyohiyo, twaona yafaa tuijibu hapa badala ya kumjibu mwenyewe peke yake.

Aliyetuandikia ni mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari. Ana umri wa miaka 36, ana mke na watoto watatu, na amefundisha miaka 11. Kwa miaka miwili amekuwa akienda chuoni kila jioni na kurudi usiku watoto wamekwisha lala, mpaka akapata shahada ya pili ya uongozi wa biashara. Sasa kampuni moja ya simu yamwita katika idara iwaangaliayo mawakala wa fedha, kwa mshahara uzidio mara mbili ule apatao. Wataka aanze tarehe 1 Septemba. Baba yake mzazi, aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome ualimu, amekasirika na kumwambia kuwa amewauza wanafunzi wake. Mkewe asema kuwa hasira ya mzee hailipi ada ya shule. Naye mwalimu atuuliza, "Bwana Mhariri, je, natenda dhambi?"

Kwanza tuseme wazi: kuacha kazi kwa hiari si dhambi. Wazee wetu walionja uchungu wa kukatazwa kuacha kazi. Katika Kenya ya wakoloni mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande, na aliyeondoka kwa bwana wake bila kuandikiwa ruhusa aliweza kutafutwa na polisi kama mwizi. Tanganyika nayo ilikuwa na sheria zilizomhesabu mtoro wa kazi kuwa mhalifu. Uhuru wa mtu kusema kwamba kazi hii imetosha, naenda kutafuta nyingine, ulipatikana kwa taabu nyingi, wala hatupendi kusikia watu wakimdharau mwenye kuutumia. Na kutaka mshahara uwatoshao watoto si tamaa. Papa Leo wa 13, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kuwa ujira usiomtosha mfanyakazi mwenye kiasi si wa haki, hata kama mwenyewe ameukubali kwa shida zake.

Lakini tusimpite mzee haraka, maana ana hoja. Yeye anena juu ya deni. Deni la Serikali ni rahisi kulieleza: mikopo itolewayo na Bodi iliyowekwa na sheria ya mwaka 2004 hurudishwa kwa fedha, na hukatwa katika mshahara, mtu awe mwalimu au karani wa benki. Ng'ombe wa baba hawakuwa mkopo. Aliwauza ili mwanawe apate maisha mema, na aliwauza pia ili kijijini pasemwe kuwa kwake ametoka mwalimu. Zamani mambo hayo mawili yalikwenda pamoja. Siku hizi yametengana, na mzee hakuulizwa. Twadhani hasira yake nyingi yatoka hapo, wala si kwa ajili ya wanafunzi tu.

Sasa tuitazame shahada yenyewe, maana ndani yake limo jambo ambalo baba na mwana wote wawili hawakuligusa. Masomo ya namna hii yalianzia Marekani. Chuo cha Dartmouth kilifungua shule yake ya biashara mwaka 1900, na Harvard mwaka 1908. Fikra iliyo chini yake ni kwamba ustadi wa kuongoza ni mmoja, nao waweza kupita katika lango la kazi yoyote. Kwetu fikra hiyo si ngeni. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mashirika ya umma yalizidi kuwa mengi. Mwaka 1972 Mzumbe iliundwa upya, na Chuo cha Usimamizi wa Fedha kikaanzishwa, ili kuwapatia viongozi na watunza hesabu. Na meneja aliweza kuhamishwa kwa barua moja kutoka shirika hili hadi jingine lisilofanana nalo hata kidogo. Wengine waliongoza vema. Wengine walitia sahihi mambo wasiyoyaelewa.

Ukweli wa fikra hiyo ni mkubwa, tusiubeze. Faida iliyoandikwa katika daftari si fedha taslimu iliyo sandukuni. Kiwanda cha kuchambua pamba chaweza kuonyesha faida na bado kikashindwa kulipa mishahara ya Ijumaa, na hospitali yaweza kuanguka katika shimo hilohilo. Ajuaye hayo mahali pamoja ayajua kila mahali. Ila yako maarifa mengine ambayo hayapiti langoni pamoja naye. Hayo humngoja ndani, vichwani mwa watu atakaowakuta, na mara nyingi ni watu wa cheo cha chini kuliko chake.

Tunamjua bwana mmoja, hatutamtaja wala hatutataja mahali, aliyekuwa afisa wa mikopo katika benki kwa miaka mingi. Naye alisoma shahada hii, akaacha benki, akaenda kuwa katibu wa hospitali ya vijijini kwa mshahara mdogo kuliko wa kwanza. Hakuna baba aliyemkasirikia. Watu walimsifu kanisani na barazani, kwa kuwa aliacha mali akafuata huduma. Sisi pia tulimsifu.

Katika mwezi wake wa tatu alikagua ghala ya dawa. Ndani ya jokofu alikuta chupa za dawa ya sumu ya nyoka. Dawa hiyo ni ghali sana, yataka baridi wakati wote, na kila mwaka chupa kadhaa hupitwa na tarehe bila kutumika. Macho ya benki yaliona mtaji uliolala. Akaamuru isiagizwe nyingine mpaka zilizopo ziishe, na fedha zile akazipeleka kulipa deni la mafuta ya jenereta, ambalo kwa kweli lilikuwa deni la haki. Matroni alimwendea akamwambia kwamba majira ya kulima yakaribia. Yeye akamwonyesha hesabu za miaka mitatu: chupa ngapi zilinunuliwa, ngapi zilitumika, shilingi ngapi zilitupwa. Matroni hakuwa na tarakimu za kumjibu. Alikuwa na miaka 20 ya kuwapokea watu wa mashamba usiku, lakini hiyo hakuweza kuiweka mezani katika safu za hesabu. Akanyamaza.

Mvua zikaja. Chupa mbili za mwisho zilitumika kwa mkulima mmoja wa jirani. Siku ya nne baadaye aliletwa binti wa miaka tisa aliyeumwa na kifutu alipokuwa akiokota kuni. Sumu ya kifutu hula nyama yenyewe ya mwili, na kila saa ipitayo ina bei yake. Walimpakia katika gari wakampeleka hospitali nyingine, mwendo wa saa tatu katika barabara ya matope. Mtoto aliishi. Mguu wake ulikatwa chini ya goti.

Bwana yule alitusimulia hayo mwenyewe, bila kujitetea. Leo bado ni katibu wa hospitali ileile, wala hakuitupa elimu yake ya biashara. Kwa sababu ya hesabu zake wauza dawa hulipwa kwa wakati, jambo lisilokuwapo kabla hajafika. Ila kila Jumanne asubuhi huzunguka wodini pamoja na matroni, na hakuna kitu akipunguzacho kabla hajamwuliza yeye kwanza.

Twaleta habari hii kwa kuwa watu hutazama upande mmoja tu. Humlaumu aendaye kwenye mshahara mkubwa na kumsifu aendaye kwenye mdogo, kana kwamba hukumu yote imo katika mshahara. Tuonavyo sisi, hatari kubwa ya mtu ahamaye kwa nguvu ya shahada ni kwamba hufika akiwa na amri kabla ya kuwa na ujuzi. Fundi mgeni akikosea huharibu mbao yake. Msimamizi mgeni akikosea, gharama huangukia mtu ambaye hata jina lake hakulisikia.

Wako pia walioingia vema katika kazi wasiyoizaliwa. Wataalamu wa kampuni ya Vodafone ya Uingereza waliojaribu huduma ya M-Pesa nchini Kenya mwaka 2005 walikuwa na mpango wao tayari: wakopaji wadogo warudishe mikopo kwa njia ya simu. Watu walipopewa simu zile walianza kutumiana fedha wao kwa wao kwa mahitaji yao wenyewe. Wataalamu wale wangeweza kusema kuwa watu wamekosea. Badala yake waliuacha mpango wao, na mwezi wa Machi 2007 Safaricom ikaitangaza kuwa huduma ya kutuma fedha. Tanzania ikafuata mwaka 2008. Kazi aitiwayo mwalimu wetu leo ilitokana na watu waliokubali kufundishwa na wateja wao.

Basi mwalimu, ukienda, usianzie ofisini. Kaa siku ya gulio na mama mmoja wakala katika kibanda chake. Utaona jinsi fedha taslimu zinavyomwishia saa nne asubuhi hali simu yake imejaa fedha, na jinsi wateja wanavyomtukana kana kwamba amezila. Wewe umezoea kumwona mwanafunzi anayenyamaza kwa sababu hajaelewa, na yule anayenyamaza kwa sababu anaogopa. Jicho hilo shahada haikukupa; ulilipata mbele ya ubao, nalo huenda likakufaa kule kuliko vitabu vyote vya jioni.

Sasa turudi kwenye tarehe. Barua yako yasema unafundisha kidato cha nne, mikondo mitatu, watoto 120 kwa jumla, nao mtihani wao wa taifa ni Novemba. Mwalimu mwingine wa hesabu hapatikani mwezi wa Septemba. Hilo walijua wewe kuliko sisi. Watoto hao uliwapokea wakiwa kidato cha tatu, nao wamekutegemea mpaka hapa. Hapo ndipo baba yako ana haki, ijapokuwa amekosea neno. Kuondoka waweza. Kuondoka Septemba twaona si haki.

Iombe kampuni ingoje mpaka mtihani upite. Ni kama wiki kumi tu, na kampuni iliyokutafuta wewe miongoni mwa wengi yaelekea itaweza kungoja. Ikikataa, ongea na mkuu wa shule yako uwafundishe Jumamosi yote na Jumapili baada ya Misa mpaka siku ya mtihani, bila malipo. Na ikiwa watakupeleka mkoa wa mbali tangu siku ya kwanza, basi kwa sasa ikatae nafasi hiyo. Twajua ni neno gumu, na twajua mkeo hatalipenda. Atakuwa na haki ya kutuandikia. Lakini shahada yako haitapitwa na tarehe Januari, na mtihani wa watoto wale ni mmoja.

Kwa baba nenda mwenyewe, usipige simu. Nenda pamoja na mkeo na mjukuu mmoja, ukae siku mbili, umweleze habari za watoto 120 na utakavyowafikisha Novemba, kabla hujamtajia shilingi hata moja.