Mtoto Mwenye Kiu Apimwe Sukari

Wanangu, mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akianza tena, msimchape wala msimpe jina la kumcheka. Mpelekeni akapimwe sukari siku hiyo hiyo. Nimeanza na hili kwa sababu katika miaka yangu ya uuguzi ndilo lililoniumiza kuliko mengine, na wengi wenu mtakuwa wazazi kabla hamjasikia tena mtu akitaja kongosho, kiungo kinachotawala sukari ya damu.

Kongosho liko nyuma ya mfuko wa tumbo, karibu na uti wa mgongo. Kichwa chake kimezungukwa na mwanzo wa utumbo mdogo, mkia wake unafika kwenye bandama. Urefu wake ni kama sentimita 15. Lina kazi mbili, na ajabu yake ni kwamba kazi hizo hazipatani.

Sehemu kubwa ya nyama yake hutengeneza maji ya kumeng'enya chakula, zaidi ya lita moja kila siku. Maji hayo hupita kwenye kijifereji hadi utumbo mdogo, yakaipoza tindikali iliyotoka tumboni, kisha vimeng'enya vilivyomo vikavunja ugali, maharage, nyama na mafuta mpaka mwili uweze kuvinyonya. Vile vya kuvunja protini hutoka vikiwa vimelala, huamka vikishafika utumboni. Vikiamka mapema, hulila kongosho lenyewe. Hapo ndipo mtu hupata maumivu makali juu ya kitovu yanayopenya hadi mgongoni, akatapika, akakaa ameinama mbele kwa sababu kulala chali hakuwezekani. Vijiwe vya nyongo huleta balaa hilo. Pombe pia huleta. Enyi mnaokunywa gongo tangu Ijumaa hadi Jumapili, mjue kwamba ini si peke yake linalolipa.

Sehemu ya pili ni ndogo mno. Ni vishada vya seli vilivyotawanyika ndani ya nyama hiyo, kama milioni moja kwa hesabu, lakini kwa uzito ni asilimia 1 au 2 tu ya kongosho lote. Paul Langerhans alivieleza kule Berlin mwaka 1869, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, na hakujua vina kazi gani. Vishada hivi havitumii ule mfereji, humwaga homoni zao moja kwa moja kwenye damu. Insulini huiwezesha sukari kutoka kwenye damu na kuingia kwenye misuli. Glukagoni huliamuru ini litoe akiba yake sukari inaposhuka, mkiwa mmelala au mmefunga Ramadhani. Mtu mzima wa afya hushiba pilau la harusi, kesho akashinda na chai kavu, na sukari ya damu yake isiyumbe sana. Mimi nikilifikiria hilo hadi leo namshukuru Mungu.

Sasa sikilizeni kwa nini nasema kazi hizi hazipatani. Insulini ni protini, na vimeng'enya vya kongosho hula protini. Mwaka 1889 huko Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho, mbwa akapata kisukari. Watu wakajua dawa imo humo ndani, lakini kwa miaka zaidi ya 30 hakuna aliyefanikiwa kuitoa ikafaa kumtibu mtu. Frederick Banting alidhani vimeng'enya ndivyo vinavyoiharibu. Kiangazi cha 1921 alianza kazi Toronto pamoja na Charles Best, kijana wa miaka 22, katika maabara ya Profesa John Macleod, na baadaye James Collip akawasaidia kuisafisha. Januari 11, 1922 walimdunga Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyebaki mifupa. Dawa ilikuwa bado chafu, haikumsaidia. Tarehe 23 wakamdunga iliyosafishwa, sukari ikashuka. Aliishi miaka 13 zaidi. Kabla yake, matibabu ya watoto kama yeye yalikuwa kuwanyima chakula ili kifo kichelewe.

Kwa hiyo mtu akiwauzia dawa ya kunywa akasema inachukua nafasi ya sindano ya insulini, mkumbukeni Leonard na sindano yake, maana insulini ikimezwa huliwa na vimeng'enya. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza hakurogwa, wala hakula pipi nyingi. Kinga ya mwili wake mwenyewe imeziua seli zinazotengeneza insulini. Sukari imejaa kwenye damu na misuli haiipati, kama mtu anayekufa njaa mlangoni mwa ghala. Atakunywa maji bila kukata kiu, atakojoa usiku kucha, atakonda huku anakula. Baadaye atatapika, atahema kwa kasi, na pumzi yake itanuka kama tunda lililooza. Nimeona watoto wa namna hii wakipewa mseto wa malaria nyumbani siku tatu nzima. Tone moja la damu ya kidole lingetosha kuonyesha ukweli.

Nanyi mliokwisha kuambiwa mna kisukari hiki, msiache sindano kwa sababu ya aibu, wala kwa sababu mmeombewa. Ombeni, na mdunge. Nyumba isiyo na friji, fungeni chupa vizuri kwenye mfuko usiopitisha maji, iwekeni ndani ya mtungi wa udongo wenye maji, kivulini. Isiguse barafu, maana insulini iliyoganda imeharibika. Najua bei inawashinda wengi. Haki ya ugunduzi ule iliuzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kwa kila mgunduzi, ili dawa iwafikie watu. Inaniuma kuona mama anauza kuku apate chupa moja, zaidi ya miaka 100 baadaye. Wenye mamlaka, mkiwamo ninyi kesho, mlikumbuke hilo kwenye bajeti.

Kisukari cha watu wazima, ambacho ndicho cha wengi zaidi, ni habari nyingine. Insulini ipo lakini mwili hauisikii vizuri, kongosho likalazimika kutoa nyingi zaidi hadi likachoka. Kitambi na kukaa kutwa huchangia, na damu ya ukoo pia. Tembeeni kwa miguu, punguzeni soda. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika milimoli 7 kwa lita na kikarudiwa siku nyingine kikawa vile vile, anzeni matibabu bila kubishana.

Neno kwa marafiki. Mwenzenu anayejidunga akianza kutetemeka, kutokwa jasho na kuongea ovyo, sukari yake imeshuka. Mpeni maji yenye vijiko vinne vidogo vya sukari, msubiri dakika 15, asipopata nafuu mrudie, kisha ale chakula. Akiwa amezimia msimtie kitu mdomoni. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali, na mwambieni mhudumu wa kwanza mtakayemkuta mlangoni kwamba huyu anatumia insulini.