Anayepakua Ndiye Aulize

Tafakari ya juma. Somo: Matendo ya Mitume 27:27-44

Luka mganga anatusimulia jambo moja ambalo wengi tunalipita haraka, tukikimbilia kuvunjika kwa meli na kuokoka kwa watu kule Malta. Dhoruba imewapiga siku kumi na nne na hakuna aliyetia kitu kinywani. Kunapokaribia kupambazuka Paulo anawasihi wale, anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote, anaumega na kuanza kula. Wengine nao wanapata moyo, wanakula. Hapo hapo, kabla hawajashiba na kabla ngano haijatupwa baharini, Luka anataja hesabu ya waliokuwamo chomboni: watu 276. Angeweza kuitaja walipopanda meli kule Mira, au walipokanyaga nchi kavu. Ameitaja wakiwa na mlo mkononi, kila mmoja akihesabiwa.

Juma hili nataka tukae na hesabu hiyo kwa ajili ya wachache kati yetu ambao chakula kinachowaponya wengine kinaweza kuwaua. Nasema juu ya wenye aleji ya karanga. Najua wapo watakaosema huo ni ugonjwa wa watalii, kwamba sisi wa Nakalale, hapa Turkana, tumezoea kuogopa kukosa chakula, si kukiogopa chakula chenyewe. Nawaelewa. Nchi iliyopitia misimu mitano mfululizo bila mvua ya maana, tangu mwisho wa 2020 hadi 2022, haina hamu ya kusikia habari za mtu anayekataa sahani. Hata hivyo naomba mnisikilize.

Wenye aleji ya karanga wanaosafiri kwa zile meli kubwa za watalii, kama zinazotia nanga Mombasa, wana desturi zao. Huiarifu kampuni kabla ya safari. Jioni ya kwanza humtafuta mkuu wa wahudumu wa mezani na kumweleza kwa kinywa chao wenyewe, hata kama karatasi imekwisha kujazwa. Huepuka meza ya kujipakulia, kwa kuwa kijiko kilichotoka kwenye mchuzi wa karanga huingia kwenye wali wa jirani bila mtu kuona. Na sindano zao za adrenalini hubeba mbili, wala hawaziachi chumbani. Wanafanya hayo kwa sababu baharini hospitali iko mbali, na koo linalovimba halingoji bandari.

Basi niambieni, ni nani kati yetu aliye karibu na hospitali? Laga, yaani mito yetu ya msimu, zikijaa, barabara hukatika. Zikikauka, gari bado ni la kungojea. Nakalale ni meli iliyo katikati ya maji, ila sisi hatuna mkuu wa wahudumu wa kuulizwa ndani ya chungu mna nini. Kazi hiyo ni yetu wenyewe.

Tena karanga tunazo, nazo huingia kwetu kwa milango miwili.

Wa kwanza ni pakiti. Kina mama wote wa hapa wanaijua: mtoto anapimwa mkono kwa utepe, na mzunguko ukiwa chini ya sentimita 11.5 utepe huonyesha nyekundu, naye anaandikiwa chakula cha dawa. Pakiti hiyo, Plumpy'Nut, ilibuniwa mwaka 1996 na daktari wa watoto Mfaransa, André Briend, pamoja na Michel Lescanne wa kampuni ya Nutriset. Ni karanga iliyosagwa, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Pakiti moja ina gramu 92 na nguvu ya kalori kama 500. Haihitaji maji wala moto, na kwa nchi kama yetu hiyo ndiyo neema yake kubwa. Mwaka 2007 Umoja wa Mataifa, kupitia mashirika yake ya afya, ya chakula na ya watoto, uliunga mkono njia ya kuwatibu nyumbani kwa chakula cha namna hii watoto wenye utapiamlo mkali wasio na matatizo mengine. Watoto wengi tunaowaona leo wakikimbia nje ya kanisa walipita kwenye pakiti hiyo.

Mlango wa pili ni vyungu vya majirani zetu wa Kakuma. Tangu kambi ya wakimbizi ilipoanzishwa mwaka 1992 tumejifunza kula pamoja na watu wa mataifa mengi. Msudani Kusini huunga mboga za majani kwa karanga iliyosagwa, Mkongomani hutia karanga katika sombe, Mganda hupika mchuzi wa karanga na kumwagia ndizi. Ni vyakula vitamu, na ni baraka kwamba harusi na matanga yetu sasa yana ladha hizo. Lakini karanga iliyoungwa haionekani. Imeyeyuka, imekuwa mchuzi. Mgeni huona majani tu.

Hapa nataka niwaheshimu kina mama zetu Waturkana, maana elimu ya chakula chenye hatari wanayo tangu zamani. Wanajua kwamba matunda ya edung hayaliwi yakitoka mtini. Huchemshwa saa nyingi, maji yakimwagwa na kutiwa mengine, mpaka uchungu na madhara vitoke. Hakuna mzee wa hapa anayemwona mama mwoga kwa kumwaga yale maji. Ndiyo akili yenyewe. Lakini lazima niseme wazi: karanga haitii moto kama edung. Mwenye aleji, mwili wake unaitambua protini ya karanga kama adui, na protini hiyo hubaki hata ikichemshwa. Kukaanga ndiko hata huizidishia ukali. Dawa pekee ya jikoni ni kutoitia, na kutumia sufuria na mwiko ambavyo havikuigusa.

Naogopa jambo moja ninapoyasema haya, kwamba mama atasikia nusu ya tafakari na kesho ataitupa pakiti ya mtoto wake. Mama yangu, usiitupe. Aleji hii ni ya wachache, na utapiamlo umezika watoto wengi mno katika nchi hii. Tena mwaka 2015 madaktari wa London wakiongozwa na Gideon Lack walitangaza matokeo ya utafiti wa watoto 640 waliokuwa katika hatari ya kupata aleji. Walioanza kula karanga wakiwa wachanga, kati ya miezi minne na kumi na mmoja, walipofika umri wa miaka mitano aleji ilikuwa imepungua kwa kiasi cha asilimia 80 kuliko kwa wale waliozuiwa. Hofu haikuwa kinga. Kwa hiyo anayeandikiwa pakiti aitumie kama alivyoelekezwa. Ila pakiti ya kwanza mtoto aanze kwa kidogo, mbele ya muuguzi. Akivimba midomo, akitokwa na mabaka mwili mzima, akitapika au akianza kukoroma kifuani, mama aseme papo hapo, na muuguzi amsikilize. Si kila kutapika ni aleji, na kuamua hilo ni kazi ya muuguzi. Mtoto wa namna hiyo hakosi njia nyingine. Hospitalini kuna maziwa ya dawa, yale ya F-75 na F-100, yasiyo na karanga ndani yake.

Sasa nifike mahali panaponiuma. Katika nchi yenye njaa, kukataa chakula ni aibu. Mwenye aleji anajua kwamba akisema hapana ataitwa mwenye madaha, au ataambiwa amemdharau mwenye nyumba. Kijana wa shule ya bweni ataonekana anaringia mboga. Mkimbizi aliyepanga foleni ya mgao ataona haya kuuliza kilichomo, kwa kuwa amezoeshwa kwamba anayepewa hachagui. Basi hunyamaza, ale kidogo, amwombe Akuj, Mungu wetu, amsitiri. Tumemwachia mnyonge mzigo wa kusema, huku mpini wa kisu uko mkononi mwetu.

Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu. Dhamiri yake mwenyewe ilikuwa huru. Lakini aliona kwamba ikiwa chakula kitamwangusha ndugu yake, afadhali asile nyama kamwe. Hakumwambia ndugu aliye dhaifu ajitahidi kuwa na nguvu. Alijifunga yeye aliyekuwa na uwezo. Ikiwa Mtume alikuwa tayari kuacha nyama maisha yake yote kwa ajili ya dhamiri ya mtu, je, sisi tutashindwa kuacha kijiko kimoja cha karanga kwa ajili ya pumzi yake? Anayeshika upawa ndiye aulize kwanza. Aulize kila mtu, bila kumtafuta mmoja kwa macho: "Mama, Baba, kuna chakula kinachokudhuru?" Ni neno dogo, nalo humvua mtu aibu.

Kanisa limekwisha kufanya hivyo pale palipo patakatifu kuliko pote. Wapo Wakristo ambao ngano huwaumiza matumbo, ugonjwa uitwao siliaki. Mkate wa Ekaristi lazima uwe wa ngano, na hilo Kanisa halina mamlaka ya kulibadili. Lakini mwaka 2003 Idara ya Mafundisho ya Imani, chini ya Kardinali Joseph Ratzinger, iliwaandikia maaskofu ikithibitisha kwamba hostia yenye kiasi kidogo sana cha gluteni, ile protini ya ngano inayowadhuru, ni halali, mradi iliyobaki inatosha kuufanya uwe mkate. Na asiyeweza hata hiyo anaweza kukomunika kwa umbo la divai peke yake. Naona uzuri mkubwa katika barua hiyo. Maaskofu wa dunia nzima waliandikiwa juu ya matumbo ya watu wachache. Hakuna aliyesema kwamba wachache hao wabaki kwenye benchi wakitazama wenzao. Ikiwa altareni nafasi imepatikana, jikoni kwa Mama Jumuiya itakosekanaje?

Niseme na la dharura, maana upendo usiojua la kufanya hubaki umepiga magoti tu karibu na mgonjwa. Mtu akila, na muda mfupi baadaye koo likabana, sauti ikakauka, akapumua kwa shida au akalegea, msimsimamishe wala msimtembeze. Mlazeni, miguu iinuliwe. Akishindwa kupumua akiwa amelala, akae huku ameegemezwa. Msimpe maziwa wala mafuta ya kunywa. Vidonge vya aleji vya dukani hutuliza mwasho, havifungui koo. Dawa yake ni adrenalini, sindano ya msuli wa paja upande wa nje, na mapema ni bora kuliko kungoja kuona itakuwaje. Asipopata nafuu baada ya kama dakika tano, muuguzi humrudia. Hata akipata nafuu abaki chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwa kuwa hali yaweza kurudi. Kama zahanati iko jirani, mbio za kijana mmoja kumwita muuguzi aje na dawa zaweza kuwa za haraka kuliko kumpakia mgonjwa kwenye bodaboda. Wahudumu wetu wa afya ya jamii, nawaomba mjue leo, kabla ya siku hiyo, ni zahanati gani ina adrenalini na kama haijapita muda wake. Ikikosekana, mtuambie, nasi tutakwenda Kakuma na hata Lodwar kuidai.

Na kwa sherehe ya somo wa parokia, baada ya kuzungumza na viongozi wa jumuiya tumekubaliana hivi. Mboga isiyo na karanga itapikwa kwanza, kwa sufuria na mwiko wake, na itakuwa na mpakuaji wake ambaye hatashika upawa mwingine siku nzima. Kina mama wa Kakuma watakaotuletea mboga ya kuunga tunawakaribisha kwa furaha. Vyungu vyao vitakaa kwenye meza ya pili, chini ya mti, na kila mwenye chungu atakaa karibu nacho ili aulizwe. Katekista atasimama mlangoni baada ya Misa Jumapili mbili zijazo akiwa na daftari. Mwenye chakula kinachomdhuru yeye au mtoto wake, kiwe karanga, yai, samaki au maziwa, amwambie faraghani, au amtume mtu. Majina hayatasomwa kanisani. Yatakwenda kwa wapishi.