Mpinzani Wetu Ni Nani?

Kijana mmoja wa kwaya alitusimamisha mlangoni baada ya Misa, akatuuliza swali. Kama mjuavyo, vijana wa mtaa wetu wanajiandaa kucheza mpira na vijana wa mtaa jirani siku ya sikukuu ya somo wetu, na kiingilio kitakachopatikana kitanunua bati za nyumba ya wauguzi. Akasema, "Shikamoo Mwalimu. Mechi hii haina kombe wala pointi. Tukiicheza kwa nguvu, tutaumizana bure. Tukiicheza kwa ulegevu, tutakuwa tumewaibia waliolipa. Sasa tufanye lipi?"

Hatukumjibu papo hapo. Tulimwomba asubiri gazeti. Swali lake lilikuwa zuri, tena liligusa jambo ambalo sisi wenyewe tumeishi nalo kwa zaidi ya miaka thelathini bila kulisema.

Ili tulitazame jambo hili kwa utulivu, afadhali tuuache kwanza mpira wa miguu. Katika mpira wa miguu kila mmoja wetu ana timu yake na hasira zake. Huyu ni Simba, yule ni Yanga, na masikio yamekwisha kuziba. Twende kwenye mchezo ambao kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay hakuna anayeushabikia, yaani mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu.

Barafu tunayoijua sisi ni ile iliyomo sandukuni mwa mchuuzi wa samaki. Lakini katika nchi kama Kanada, wakati wa baridi maziwa huganda hata watu wakatembea juu yake, na watoto wa huko huanza mchezo huu wakiwa wadogo. Mchezaji huvaa viatu vyenye makali ya chuma, huteleza kwa kasi kubwa, na kwa gongo refu husukuma kisahani kigumu cha mpira mpaka golini. Kila upande huwa na watu sita uwanjani pamoja na golikipa. Kumgonga kwa bega mwenye kisahani ni halali. Basi ni mchezo mkali, na meno mengi yamepotea humo.

Wachezaji wa kulipwa wa Marekani na Kanada wamekuwa na desturi ya mechi ya nyota. Huchaguliwa walio bora kutoka timu zote, kama sisi tunavyounda kombaini ya wilaya, nao hucheza bila kutafuta pointi. Watu wanaokabana mwaka mzima siku hiyo huvaa jezi moja. Huko nako wameulizana swali lile lile la kijana wetu. Wachezaji waliogopa kuumia, wakaacha kukabana, magoli yakamiminika kama mvua ya masika, na watazamaji wakanung'unika kwamba hayo ni maonyesho matupu. Mwaka 2025 chama chao hakikuicheza mechi hiyo. Badala yake kiliweka mashindano ya mataifa manne.

Lakini kabla ya kuihukumu desturi hiyo, tuangalie mechi ya kwanza ya namna hiyo ilitokana na nini.

Tarehe 12 Desemba 1933, timu ya Toronto ilikuwa ugenini mjini Boston. Katika mchezo ule Eddie Shore wa Boston aliangushwa. Akainuka kwa hasira, akamgonga kwa nyuma Ace Bailey wa Toronto. Bailey akaanguka, kichwa kikapiga barafu, fuvu likapasuka. Akapasuliwa na madaktari mara mbili, na watu wakawa wanangoja habari ya kifo chake. Mungu akamjalia akapona, ila hakucheza tena maishani mwake. Shore akafungiwa mechi 16.

Kisha ikaandaliwa mechi ya kumchangia Bailey. Ilichezwa Toronto tarehe 14 Februari 1934. Pasaka ya mwaka ule iliangukia tarehe 1 Aprili, na mtu akihesabu siku kurudi nyuma ataona kwamba mechi ile ilichezwa Jumatano ya Majivu. Upande mmoja ilikuwa timu ya Toronto, na upande wa pili nyota waliochaguliwa kutoka timu nyingine. Miongoni mwa nyota hao alikuwamo Eddie Shore.

Kabla ya mchezo Bailey alisimama juu ya barafu akiwa amevaa nguo za kawaida, na wachezaji wakamjia mmoja mmoja. Ikafika zamu ya Shore. Watu zaidi ya elfu kumi na nne walinyamaza. Wale wawili wakapeana mikono, na uwanja mzima ukalipuka kwa shangwe. Halafu wakacheza, na Toronto ikashinda kwa magoli 7 kwa 3. Zikapatikana dola zaidi ya 20,000 kwa ajili ya Bailey. Kuanzia mwaka 1947 mechi ya nyota ikawa desturi ya kila mwaka.

Tulipousoma mkasa huu mara ya kwanza, tulistaajabu kwamba Bailey alisamehe. Siku hizi twastaajabu zaidi kwamba Shore alikwenda. Angeweza kubaki Boston akasema kwamba mchezo ni mchezo. Angeweza kutuma fedha kwa mkono wa mtu mwingine. Alikwenda mwenyewe mbele ya watu wa nyumbani kwa yule aliyemwumiza, akaingia uwanjani bila kujua watampokeaje. Mechi ile haikuwa na pointi, lakini ndiyo iliyowapa wawili hao mahali pa kukutana.

Sasa turudi karibu na nyumbani. Mwaka 2005 hoteli moja ya Nairobi, iitwayo Panari, ilifungua uwanja mdogo wa barafu inayogandishwa kwa mashine. Vijana wa Kenya wakajifunza kuteleza, baadaye wakaunda timu wakaiita Ice Lions, yaani Simba wa Barafuni. Mtu angedhani kwamba shida yao kubwa ilikuwa barafu. La, barafu waliipata. Walichokosa ni mpinzani. Katika Kenya nzima hapakuwa na timu nyingine ya kucheza nayo, basi wakawa wanajigawa na kucheza wao kwa wao.

Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Kanada, Tim Hortons, iliwasafirisha wachezaji kumi na wawili mpaka Toronto, ili kwa mara ya kwanza wacheze na timu nyingine. Wakiwa katika chumba cha kubadilishia nguo waliingia watu wawili waliovaa jezi ya Kenya. Walikuwa Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wakubwa kabisa wa mchezo huo. Hao wawili wametoka mji mmoja, Cole Harbour, lakini mmoja alikuwa akichezea Pittsburgh na mwingine Colorado, kwa hiyo kazini walikuwa wapinzani. Siku hiyo walicheza upande mmoja, pamoja na vijana wa Nairobi, dhidi ya timu ya wazima moto wa huko. Hapana shaka kampuni ilitaka kuuza kahawa yake, nasi watu wa Mbinga tunaoilima hatuna haki ya kuwalaumu wanaoitangaza. Mwaka 2024 Kenya ilipokelewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo.

Vijana wale walitufundisha jambo ambalo chuo cha ualimu hakikutufundisha. Sisi tuliozaliwa penye timu nyingi twadhani mpinzani ni kikwazo, na kwamba heri asingekuwapo. Wao waliokaa miaka bila mpinzani walijua kwamba mtu huyo ndiye wanayemhitaji. Bila yeye kuna mazoezi tu.

Wazee wetu wa pwani ya Nyasa walilijua hilo bila kwenda Kanada. Kikundi cha mganda kikialikwa kijiji kingine, wageni hao wanakuja kushindana, kwa hatua, kwa mavazi na kwa ngoma. Hata hivyo wenyeji huwapikia, huwapa mahali pa kulala, na asubuhi huwasindikiza. Mshindani huyo ni mgeni, kwani asipokuja yeye, wenyeji watamchezea nani?

Hapa yatupasa kusema lile tulilolinyamazia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 tulikuwa walimu vijana katika shule moja ya pwani hii, tukisimamia michezo. Shule ya jirani ilikuwa na mtoto wa winga ya kushoto, mwepesi kama samaki, na kila mwaka alitufunga. Mwaka ule, mwezi wa Agosti, wakati wa mapumziko tulimwita beki wetu kando. Tulimwambia, "Yule asimalize mchezo." Tulisema "sisi" tangu mwanzo wa makala hii kwa desturi ya gazeti, lakini mwalimu aliyetamka maneno hayo alikuwa mmoja tu, na ndiye anayeandika.

Beki alikuwa mtoto mtiifu. Mguu wa winga ulivunjika chini ya goti. Alisafirishwa kwa mtumbwi hadi hospitali, na mtihani wa darasa la saba ulimkuta kitandani. Tulishinda goli moja kwa bila. Tulijiambia kwamba mchezo ni mchezo. Baadaye tulijiambia kwamba yaliyopita si ndwele. Methali hiyo ni nzuri mdomoni mwa aliyeumizwa. Mdomoni mwa aliyeumiza ni njia ya kukwepa. Kuna yaliyopita ambayo ni ndwele kweli, na mtu hutembea nayo kila siku akichechemea.

Mtu huyo ni fundi mitumbwi siku hizi. Kwaresima ya mwaka jana tulimwendea ufukweni, tukamkuta akichonga kafi. Alitusalimu, "Shikamoo Mwalimu," na salamu hiyo ilituelemea. Tukamweleza tulilokuja nalo. Akasimamisha tezo, akauliza, "Ulimwambia nini hasa yule mwenzangu?" Tukamtajia maneno yale kama tulivyoyasema. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Yeye alikuja hospitali siku ya tatu, Mwalimu, na embe mbili. Alilia. Kwake nilikwisha. Wewe ndiye niliyekuwa nikikungoja." Akaendelea kuchonga. Hakusema kwamba amesamehe, nasi hatukumdai aseme.

Basi, kijana wetu wa kwaya, jibu tunalokupa ni hili.

Kwanza, chezeni kwa nguvu zenu zote. Mgeni hapikiwi ugali mbichi kwa kuwa eti hakuja na zawadi. Ukimchezea mwenzako kwa ulegevu unamdharau, kama kwamba hastahili jasho lako. Waliosema asiyekubali kushindwa si mshindani walikuwa na maana hiyo pia, kwamba kushindana ni kumpa mwenzako nafasi ya kukushinda kwa haki.

Pili, nguvu zenu ziende kwenye mpira. Mguu wa mwenzako si sehemu ya mchezo. Huo ni mguu wa kulimia ngoro na wa kusimamia mtumbwini, na mama yake anautegemea. Siku mechi itakapokwisha ataondoka nao, na lazima aondoke nao mzima.

Tatu, na hili twawaambia wenzetu, walimu, walezi wa vijana na wazee wa kanisa watakaosimama kando ya mstari. Tuchunge maneno yetu. Mtoto huvunja mguu kwa kiatu, lakini amri hutoka kwa mtu mzima aliyevaa viatu safi. Tukiwafundisha kwamba wale wa ng'ambo ni adui, watatuamini, maana wanatuheshimu. Na siku ya kujibu hatutaweza kumsukumizia mtoto.

Umeuliza faida ya mechi isiyo na pointi. Faida yake ni kwamba siku hiyo hatuna kisingizio. Pointi zikiwapo, twaweza kusema tulifanya ubaya kwa ajili ya pointi. Zisipokuwapo, anabaki mpinzani peke yake mbele yetu, na namna tutakavyomtendea ndiyo itakayoonyesha tulikuwa tukimwonaje siku zote.

Yule fundi mitumbwi tumemwalika aje siku ya sikukuu, awakabidhi jezi vijana wa pande zote mbili. Amesema ataangalia, ziwa likiwa shwari. Kuja au kutokuja ni haki yake, nasi hatutamwuliza mara ya pili. Ninyi wengine njoni, na kiingilio msisahau, maana wauguzi wanalowa.

Mungu awalinde wachezaji wa pande zote mbili. Tuonane uwanjani.